Ualimu wa Watoto Wenye Ulemavu: Kazi Itakayo Maarifa, Si Huruma Tu

Vijana wengi wamalizao masomo hutamani kuwa walimu, lakini ni wachache wafikirio kuwafundisha watoto wasioona, viziwi, au wenye ulemavu wa akili. Watu husema kwamba kazi hiyo ni ya wenye moyo wa huruma. Huruma ni jambo jema, lakini haitoshi. Nami nitaeleza kwa nini haitoshi, kisha nitaonyesha njia ambayo kijana wa Kenya apendaye kazi hii aweza kuifuata.

Miaka mingi iliyopita, kabla ya ada ya shule za msingi kuondolewa mwaka 2003, nilikuwa mwalimu mpya. Darasani mwangu mlikuwamo mvulana mmoja aliyekaa safu ya nyuma. Nikimwuliza swali hakujibu. Nikimtuma hili alifanya lile. Nilimwadhibu mara nyingi, na katika ripoti aliyopelekewa baba yake niliandika neno moja tu: "Mvivu."

Siku moja alitutembelea mwalimu mwingine, aliyekuwa amesomea mafunzo ya watoto wenye ulemavu. Alisimama nyuma ya mvulana yule akapiga makofi. Darasa zima liligeuka, isipokuwa yeye. Aliendelea kunakili maneno ya ubaoni, tena kwa mwandiko safi. Mtoto hakuwa mvivu, alikuwa hasikii.

Nilikwenda kwa baba yake kumweleza, lakini nilimkuta amekwisha kumtoa shuleni na kumpa mbuzi achunge. Yule mzee alinitazama, akaniuliza, "Mwalimu, nisadiki neno lako lipi, la kwanza au la leo?" Sikuwa na jibu. Niliwapenda watoto wangu wote, na huruma sikuikosa. Nilichokosa ni maarifa, na gharama ya ujinga wangu ililipwa na mtoto wa mwenzangu.

MAARIFA YENYEWE NI YAPI?

Kila ulemavu una mafunzo yake. Watoto wasioona husoma kwa vidole, kwa maandishi ya nukta zilizoinuka yaitwayo Breli. Maandishi hayo yalitungwa mwaka 1824 na Louis Braille, kijana wa Kifaransa wa miaka 15, aliyepoteza macho yake alipokuwa mdogo. Kila herufi hufanywa kwa nukta zisizozidi sita. Mwanafunzi atumiaye kibao chenye vidirisha vidogo na kalamu ya chuma hutoboa karatasi akitoka kuume kwenda kushoto, kisha huigeuza na kusoma kutoka kushoto kwenda kuume. Mwalimu asiyejua Breli hawezi kusahihisha hata hesabu moja ya mwanafunzi kama huyo.

Kwa viziwi, mwalimu hana budi kujua lugha ya ishara. Mwaka 1880 walimu waliokutana katika mji wa Milan, Italia, waliazimia kwamba viziwi wafundishwe kwa kunena na si kwa ishara. Tangu hapo, katika nchi nyingi, watoto walikatazwa kutumia mikono yao darasani. Mwaka 2010 mkutano wa namna ile ile, uliofanyika Vancouver, Kanada, ulilikataa azimio hilo na kuonyesha majuto kwa madhara yake. Mwaka huo huo Katiba mpya ya Kenya iliiweka Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha tatu za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Hiyo ni lugha kamili yenye sarufi yake, wala haifunzwi kwa juma moja.

Mtoto mwenye ulemavu wa akili naye hufundishwa kwa kuligawa jambo katika hatua ndogo ndogo. Kuvaa shati, ambako sisi hukuona kuwa jambo moja, kwake laweza kuwa masomo kumi. Mkulima hang'oi mche kila asubuhi kutazama kama mizizi imeshika. Mwalimu huyu naye imempasa kujua kungoja.

NJIA YA KUFUATA

Kazi hii si ngeni kwetu. Shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na shule za viziwi za Mumias na Nyang'oma zilianza mwaka 1961. Mwaka 1986 Serikali iliunda chuo maalum cha kuwafundisha walimu wa namna hii, nacho ni KISE, kilichoko Kasarani, Nairobi. Vyuo vikuu pia, kama Kenyatta na Maseno, hufundisha elimu maalum kwa shahada.

Basi wewe uitakaye kazi hii, kwanza omba ruhusa ukakae siku nzima katika shule ya watoto hao. Utazame masomo, chakula na michezo, ndipo ujiulize kama moyo wako wakubali. Pili, uliza chuoni masharti ya kuingia, kwani hubadilika mara kwa mara. Tatu, uchague tawi moja ulijue vema, kuliko kushika kidogo kidogo ya kila upande. Mwisho, ni lazima uandikishwe na Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, kama mwalimu mwingine yeyote.

Sitaki kukudanganya kwamba kazi ni nyepesi. Kitabu kimoja cha kawaida kikiandikwa kwa Breli huwa vitabu kadhaa vinene, na vifaa ni ghali. Wazazi wengine huwaficha watoto wao kwa aibu, nawe utatembea mpaka nyumbani kwao. Maendeleo huja polepole. Lakini siku mtoto aliyeitwa bubu aandikapo jina lake na kumwonyesha mama yake, hutajuta kuichagua kazi hii.

Nanyi wazazi, mkulima au karani, msingoje. Tangu mwaka 1984 nchi yetu imekuwa na vituo vya kuwapima watoto wenye shida za kujifunza. Ukiona mwanao hageuki aitwapo, au husogeza kitabu karibu na pua, umpeleke mapema. Wahenga walisema, hujafa hujaumbika: ulemavu ni jambo liwezalo kumfikia mtu yeyote.

Mimi nilikwenda kusomea kazi hii baada ya swali la yule mzee. Hata leo nikipokea darasa jipya, kabla sijaandika neno lolote katika ripoti ya mtoto, husimama kwanza nyuma yake nikapiga makofi.