Judo Bila Mwenzi: Tyubu, Mti na Mtu wa Gunia

Mchezo wa judo unataka watu wawili, na hapo ndipo penye taabu kwetu sisi tunaofanya kazi kwa zamu. Huyu anaingia saa mbili usiku, mwenzake anatoka saa hiyo hiyo. Jumapili mmoja yuko kanisani, mwingine amelala. Tukingoja mpaka wote tukutane, mwaka utakwisha hatujajifunza hata mwereka mmoja. Kwa hiyo katika tawi letu tumetengeneza vyombo vya kujizoeza mtu peke yake, na gharama yote haikufika bei ya gwanda moja la judo.

Wako wanaocheka kwamba haya ni mambo ya maskini. Masahiko Kimura wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1917, alikuwa mtoto wa mchota kokoto, na utotoni alimsaidia baba yake kuchota kokoto mtoni huko Kumamoto. Aliposhindwa na Kenshiro Abe, alikwenda akafunga mkanda wake kwenye mti, akawa anaupiga ngwala mti huo mara elfu kwa siku. Mwaka 1937, 1938 na 1939 akawa bingwa wa Japani nzima. Mti hauanguki, ndugu zetu. Aliyeuzoea, binadamu humwona mwepesi.

Lakini anayeanza asianze na mti. Mti usiofungwa magunia unaumiza kisigino, na mwenye kisigino kibovu hafiki kazini. Sisi tulianza na tyubu ya baiskeli iliyotupwa. Kata sehemu yenye kichwa cha kujazia upepo, utapata ukanda mrefu. Uzungushe kwenye nguzo imara, kimo cha kifua, ncha zote mbili zije mikononi mwako. Moja ni mkono wa gwanda la mpinzani, nyingine ni ukosi wake. Rudi nyuma mpaka mpira ukaze kidogo. Vuta juu kama mtu anayetazama saa yake ya mkononi, geuka uipe nguzo mgongo, kunja magoti, kiuno kishuke chini ya mkanda wa yule unayemfikiria. Rudi, anza tena. Kumi kulia, kumi kushoto. Kila siku kagua tyubu kabla ya kuvuta. Yenye ufa ikikatika inarudi usoni.

Jigoro Kano, aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882, aliugawa mwereka sehemu tatu: kumyumbisha mtu, kumwingia, kisha kumtupa. Mpira unafundisha mbili za kwanza. Ya tatu inataka kitu kinachoanguka, ndiyo maana tukashona mtu wa gunia. Tulichukua ovaroli kuukuu, tukafunga miguu na mikono, tukaijaza matambara tukiyashindilia kwa mti, tukamtia kichwa cha gunia kwa sindano ya magunia. Mikono tuliishona ikielekea mbele ili ishikike. Mchanga hatukutia. Mchanga hushuka wote miguuni, na anayemnyanyua mtu wa namna hiyo hutumia mgongo badala ya magoti. Wachukuzi wetu wanajua mgongo ukiteguka mshahara unakwenda wapi. Kilo 20 zinatosha kuanzia. Chini tandika maranda ya seremala, na turubai juu yake.

Tuliomba banda tupu la kazini ili tujizoeze humo baada ya saa za kazi. Tulijibiwa kwamba mchezo huu utavunja watu na kazi itasimama. Jibu hilo hatulikubali. Mtu anabebeshwa gunia la kilo 100 peke yake tangu asubuhi, wala hatujaona bohari likifungwa kwa ajili ya mgongo wake. Katibu ameliweka jambo hili katika ajenda ya kikao kijacho cha tawi.

Kuanguka kusijifunzwe peke yako. Hilo lina mwalimu wake, na bila hilo usikubali kutupwa na mtu. Tena mtu wa gunia hakatai wala hakuvutii upande mwingine, kwa hiyo zamu zikiruhusu tunashikana wenyewe kwa wenyewe. Kwa sasa tunajizoeza uani, na mvua inalowesha maranda. Mwenye turubai la zamani alilete kwa katibu.