Sola au Nguzo: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kusaini Mkataba

Katika vitongoji vingi vya wilaya yetu, kuanzia Kasumulu hadi Matema, mazungumzo kuhusu umeme huishia kwenye swali moja: mtu anunue sola sasa, au aendelee kusubiri nguzo? Anayekosea katika jambo hili huweza kulilipia kosa lake kwa miaka miwili au mitatu. Makala haya hayampigii debe muuzaji yeyote, wala hayamkatishi tamaa aliyekwisha kununua. Yanakusudia kuiweka wazi hesabu yenyewe.

Tuanze na nguzo. Kuunganishiwa umeme wa njia moja kijijini ni shilingi 27,000. Fedha hiyo haitoshi kulipia nguzo, nyaya na mita. Ni bei iliyowekwa kwa uamuzi wa Serikali, na sehemu kubwa ya gharama hubebwa kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA). Uniti nazo ni vivyo hivyo. Mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hutozwa shilingi 100 kwa uniti. Ikiongezwa VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, inakuwa shilingi 122. Mteja wa kawaida aliye nje ya kundi hilo hulipa takriban shilingi 356.

Sasa tuchukue nyumba yenye taa nne za wati 5 zinazowaka saa tano, redio, simu mbili za kuchaji na televisheni ndogo ya wati 20 inayotazamwa saa nne. Matumizi yake kwa siku ni kama wati-saa 230, yaani takriban uniti 7 kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 122, hiyo ni shilingi 854. Hata ukijumlisha kodi ya jengo inayokatwa katika LUKU pale inapohusika, hakuna mkopo wa sola utakaokaribia kiasi hicho. Mkataba wa shilingi 1,000 kwa siku, kwa mfano, ni shilingi 730,000 kwa miaka miwili, mbali ya kianzio. Kwa hiyo, mwenye nguzo karibu na nyumba yake asidanganyike kwamba jua ni la bure. Jua ni la bure kweli, betri siyo.

Kinachowakwamisha wengi waliokwisha kupata nguzo ni gharama ya kutandaza nyaya ndani ya nyumba. Kwa nyumba ndogo kipo kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari, chenye taa na soketi zake, kinachomwezesha mtu kuanza kutumia umeme bila kutandaza nyaya nyumba nzima. Kiulizie TANESCO.

Tatizo kubwa ni pale nguzo isipokuwepo, na hapa lazima tuelewe maneno yanavyotumika. Serikali ilipotangaza kuwa vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, ilihesabu vijiji, siyo vitongoji, ambavyo ni 64,359. Kijiji chaweza kuwa na umeme barabarani na shuleni, huku vitongoji vyake viwili vikilala gizani. Mradi mmoja wa REA uliofuata ulipanga vitongoji 15 kwa kila jimbo, nasi Kyela ni jimbo moja. Hivyo, kabla ya kusaini mkataba wa sola, muulize mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji: je, kitongoji chetu kimo katika orodha ya mkandarasi? Jina la kijiji pekee halitoshi kuwa jibu.

Kwa kitongoji kisichokuwa katika orodha, na kwa vijiji vya chini ya milima ya Livingstone kama Ikombe, ambako kwa miaka mingi watu wamefika kwa mtumbwi au kwa miguu, sola ni chaguo la busara. Hata hivyo, inunuliwe kwa vipimo vya hapa kwetu. Kyela ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini, na mwezi wa Aprili mawingu huweza kukaa siku tatu mfululizo. Wavuvi wa usipa walioacha karabai na kutumia taa za betri zinazochajiwa kwa jua wanalijua hilo: wingu la mchana huonekana kwenye taa ya usiku. Kwa nyumba tuliyoitaja, paneli ya wati 50 itatosha kwa shida hata wakati wa kiangazi. Paneli ya wati 100 ni salama zaidi. Na kwa kuwa tupo kusini mwa Ikweta, paneli ielekezwe kaskazini, upande wa Tukuyu na Mlima Rungwe, ikiinamishwa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe.

Betri ya kawaida ya volti 12 na saa-ampea 100 ina wati-saa 1,200, lakini isitumiwe zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Nusu hiyo ni usiku miwili na ushee kwa nyumba yetu. Betri ya gari haikutengenezwa kwa kazi hii, hata fundi akisema vinginevyo. Betri ya lithiamu ni ghali mwanzoni, ila hudumu zaidi.

Ipo pia hatari isiyoandikwa kwenye vipeperushi. Sola za kulipia kwa simu hudai malipo ya kila siku au kila wiki, lakini mkulima wa mpunga hapati fedha kila siku. Machi na Aprili, mavuno yakiwa bado na jua likiwa haba, ndipo malipo humlemea na mtambo kujifunga. Omba ratiba inayofuata msimu wa mavuno. Ukinyimwa, ni heri kuweka akiba na kununua taslimu kidogo kidogo, paneli na betri kwanza, televisheni baadaye.

Sheria ya VAT ya mwaka 2014 ilisamehe kodi hiyo kwenye paneli, vidhibiti chaji, inveta na betri za sola. Msamaha huo hauhusu kila kitu kilichomo dukani, hivyo bei ya seti nzima ichambuliwe kifaa kwa kifaa. Dai risiti ya EFD na hati ya dhamana yenye tarehe.

Betri iliyokufa ina risasi na tindikali. Isipasuliwe nyumbani wala kutupwa mtoni au ziwani. Irudishwe kwa muuzaji au kwa mnunuzi wa betri chakavu, ambaye kwa kawaida huilipia.