Darubini, Hilali na Stendi ya Miguu Mitatu

Msomaji wetu mmoja wa Maparoni, katika delta ya Rufiji, amepata darubini ya macho mawili, ile yenye maandishi 10x50. Anauliza iwapo inafaa anunue pia stendi ya miguu mitatu, kama ile ya wapiga picha za harusi, ili yeye na wanawe watazame nyota na kuutafuta mwezi mwandamo pamoja na jirani zao. Swali ni dogo kwa sura, lakini ndani yake mna fedha ya nyumba, na mna ushahidi ambao kwa huo watu watafunga au watafungua.

Tuanze na maandishi hayo. 10 ni idadi ya mara ambazo kitu hukuzwa, na 50 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Basi chombo kinachokuza nyota mara 10 hukuza pia mtetemo wa mkono mara 10. Sayari ya Mushtarii ina miezi minne mikubwa aliyoiona Galileo mwaka 1610. Darubini hii yatosha kuionyesha, lakini ikishikwa kwa mikono mitupu miezi hiyo hurukaruka, mara ipo mara haipo. Itulize, nayo hujipanga mstari mmoja kandokando ya sayari yake. Kilimia nacho, ambacho Waarabu hukiita Thurayya na ambacho jicho tupu huhesabu humo nyota sita au saba, hutoa makumi ya nyota. Na mtu wa Maparoni, aliye mbali na taa za miji, ana anga ambalo mkazi wa Dar es Salaam hawezi kulinunua.

Hata hivyo, kwa nyota peke yake sishauri fedha itoke haraka. Israfu imekatazwa, na mwenye ada ya shule au deni la nyavu aanze na hayo. Tandika mkeka, ulale chali, viwiko viegemee kifuani. Nyota za utosini hutazamwa vizuri zaidi hivyo kuliko kwa stendi, ambayo humlazimisha mtu kuvunja shingo. Kwa nyota za chini, uchukue upondo wa mtumbwi, uusimamishe imara, kisha uushike pamoja na darubini. Ukuta au shina la mnazi pia hufaa. Na asiwepo wa kudhani kwamba stendi itamsaidia chomboni, akivuka kutoka Nyamisati: chombo kikiyumba, nayo huyumba.

Ama katika hilali, hapo rai yangu hubadilika. Katika Surat Yunus, aya ya 5, Allah (S.W.) ametaja kuwa vituo vya mwezi vimewekwa ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Mwezi mchanga ni uzi mwembamba katika mwanga wa magharibi, na huzama muda mfupi baada ya jua. Ukiwa karibu na jua kwa chini ya nyuzi 7 hivi, hauonekani kwa jicho. Aliyeuona kwa darubini ya mkononi akiishusha ili amwite mwenzake, huupoteza. Wa pili hutafuta upya, wingu linapita, na msikitini huanza mabishano: ulikuwa mwezi au ukingo wa wingu? Stendi huliondoa hilo. Wa kwanza huacha darubini ilipo, wa pili huja akatazama pale pale. Adabu ni kwamba asiambiwe kabla pembe zimeelekea wapi. Aeleze mwenyewe alichokiona. Kisha wote wajaribu kwa macho matupu, maana wapo wanazuoni wasioridhika na kuona kwa vioo, ingawa wengi wa zama hizi wamekubali.

Kwa hiyo stendi na inunuliwe, lakini na jamaa wa msikiti au madrasa, iwe waqfu. Iwe nzito, kwani nyepesi hutetemeka upepo wa kusi ukivuma. Mahali pa kuiweka pachaguliwe mapema: huko delta jua huzama upande wa bara, na mikoko huficha upeo, basi patafutwe ukingo wa mto mpana unaotazama magharibi. Siku za hilali ni siku za bamvua na ukingo huwa tepetepe, hivyo kila mguu uwekewe kipande cha ubao.

Jambo moja silifanyii mzaha. Darubini isielekezwe magharibi kabla jua halijazama lote, wala isiachwe juu ya stendi penye watoto wakati huo. Jua kupitia vioo hivyo huunguza jicho kwa mara moja, na jicho hilo halirudi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aende dukani na darubini yake. Nyingi zina tundu la skrubu mbele ya bawaba, chini ya kifuniko kidogo, na huhitaji kipande cha chuma chenye kona ili kuishika stendi. Kipande hicho aghalabu huuzwa mbali. Na miguu ifutwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila irudipo kutoka ukingoni.