Mdudu wa mti wenye pango

Kuna jamii ya wadudu wenye mabawa magumu ambao wakilala chali wanajirusha juu kwa ghafula, na mlio wao unasikika: ta! Wenye elimu wanaiita jamii ile Elateridae. Leo tunataka kueleza habari ya mmoja wao, jina lake Limoniscus violaceus. Urefu wake ni karibu milimetri 12. Ni mweusi, lakini katika mwanga anang'aa kibuluu.

Anapatikana wapi? Katika Uingereza alionekana mwaka 1937 ndani ya pori la Windsor, magharibi ya London. Nyuma akapatikana kwenye kilima cha Bredon na katika msitu wa Dixton, basi. Yuko vilevile Ufaransa, Ujerumani, Hispania na Slovakia, lakini mahali pachache, tena mbalimbali.

Kwa nini hivi? Sababu kubwa ni nyumba yake. Funza wake anaishi ndani ya shina la mti mzee wenye pango, chini kabisa karibu na udongo, katika unga mweusi wenye majimaji wa mti uliooza. Kule Windsor ni miti ambayo Wafaransa wanaiita hêtre. Kule Bredon ni frêne. Funza anakaa mule karibu miaka 2. Mti mzima haumfai, wala ule uliokwisha kuoza wote. Na mti unapita miaka mia na zaidi mbele ya kupata pango kama lile. Basi pale watu walipokata miti mizee yote, hata wakipanda mingine leo, mdudu hana mahali pa kuhamia.

Tena kuna shida ya pili. Mdudu mkubwa haonekani mara nyingi. Mchunguzi anapaswa kumtafuta funza katika ule unga, na akiufukua sana anaharibu nyumba yenyewe. Kwa hiyo tusiseme upesi: «Hayupo», kwa kuwa daftari ni tupu. Ni afazali kwanza kuhesabu miti yenye pango, na kuandika aina ya kila mti, mahali pake na tarehe.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inamlinda mdudu huyu, na agizo la Ulaya la mwaka 1992 linazitaka inchi zake kumtengea mahali. Lakini ulinzi wa kweli unaanza kwa yule mwenye shoka, akikubali kuacha mti mzee usimame, na mingine izeeke karibu yake.