Ndoa ikivunjika, mashine ya mpunga ni ya nani?

Mpunga unapovunwa Kahe, wanunuzi hushuka kutoka Moshi mjini wakiwa na fedha taslimu, na wengi hufunga biashara na mtu mmoja tu, yule ambaye jina lake liko kwenye karatasi. Mara nyingi ni mume. Akiuza kiwanja au mashine ya kukoboa, mnunuzi hulipa na kuondoka. Miezi kadhaa baadaye mke anafungua shauri la talaka, na mali ile ile inaonekana kwenye orodha ya mali zinazogombewa.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Ikiwa kwa majina yote mawili, huchukuliwa kuwa wana hisa sawa. Kifungu cha 114, kama kilivyotungwa, kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja inapotoa talaka au amri ya kutengana. Kinachopimwa ni mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, mila za jamii yao, madeni ya manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Wanaodhani kwamba kila kitu hukatwa nusu kwa nusu wanajidanganya, na wanaodhani jina kwenye hati linamaliza ubishi wanajidanganya zaidi.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya mama wa nyumbani asiye na mshahara. Mahakama ya Rufani iliumaliza mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, ilipoamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Jambo ambalo halisimuliwi sana ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu. Mahakama iliona kuwa alikwisha kupewa fedha na mumewe kwa maendeleo ya familia akazitumia vibaya, hivyo fungu lake likahesabika limekwisha.

Chukua mfano wa kubuni. Mume na mke wa Kahe wana mashine ya kukoboa ya shilingi milioni 18, nyumba ya milioni 30 na pikapu ya milioni 12. Jumla milioni 60. Mashine ilinunuliwa kwa mkopo na bado wanadaiwa milioni 10. Deni hilo lilikuwa la manufaa ya wote, kwa hiyo linatolewa kwanza na kubaki milioni 50. Mahakama ikiridhika kwamba mchango wa mke ni asilimia 40, fungu lake ni milioni 20. Kama mume alikopa milioni 5 nyingine kwa starehe zake, hilo ni lake peke yake.

Ugumu uko kwenye kuithibitisha hiyo asilimia. Mke hukaa mashineni tangu alfajiri, hupima, hupokea fedha na kulipa vibarua, lakini leseni, akaunti ya benki na stakabadhi zote zina jina la bwana. Daftari la mauzo lenye mwandiko wake linaweza kumsaidia kuliko majirani kumi wenye huruma.

Familia nyingi za wilaya ya Moshi zina shamba huku tambarare na kihamba kule juu mlimani. Kihamba alichorithi mume kwa baba yake kabla ya ndoa hakiingii kwenye mgawo, isipokuwa kiwe kimeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi zao wote wawili. Nyumba ya matofali iliyojengwa humo wakati wa ndoa ni jambo jingine. Udongo ni wa ukoo, saruji ni ya wawili, na njia moja ya kulimaliza ni kumfidia mke thamani ya mchango wake bila kugusa ardhi.

Wenye kampuni yenye dhima ya ukomo wako tofauti kidogo. Kisheria kampuni ni mtu wake, hivyo lori lake si la mume wala la mke. Hisa zao ndizo zinazoweza kubishaniwa.

Kwa mnunuzi na mkopeshaji, sheria ya kusoma ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, na anayenunua ardhi ambayo wanandoa wanaishi anatakiwa kuulizia kama mwenzi ameridhia. Saini ya mke mbele ya wakili inagharimu kidogo. Mkopeshaji aliyeiruka anaweza kujikuta na dhamana isiyouzika.

Shauri lenyewe huanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na baraza likishindwa hutoa hati ya kwenda mahakamani. Mashine haikatwi vipande. Wasipokubaliana mmoja amnunue mwenzake, mahakama inaweza kuamuru iuzwe na fedha zigawanywe, hata kama amri hiyo itaangukia katikati ya mavuno, wakati foleni ya magunia imefika barabarani.