Injini Inapochemka Baada ya Kiyoyozi Kutengenezwa

Kiyoyozi huchukua joto la ndani ya gari na kulimwaga nje kupitia kondensa, ambayo katika magari mengi madogo hufungwa mbele ya rejeta. Hewa inayofika kwenye rejeta huwa imeshapashwa moto na kondensa, huku kompresa nayo ikiiongezea injini mzigo. Kwa hiyo gari likianza kuchemka baada ya matengenezo ya kiyoyozi, sababu huwa katika mafungu mawili: kuna kitu kilichoguswa na hakikurudishwa sawasawa, au mfumo wa kupoza injini ulikuwa dhaifu tangu zamani na haukuonekana kwa kuwa kiyoyozi kilikuwa hakifanyi kazi.

Mwinuko wa mahali nao huchangia: mjini Kakamega, magharibi mwa Kenya, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi. Kifuniko cha rejeta chenye shinikizo la baa 0.9 hupandisha kiwango hicho hadi nyuzi 115 hivi. Mpira wake ukipasuka au kikifungwa vibaya, kinga hiyo hutoweka. Tena, barabara ya kutoka Kisumu kupitia Kiboswa na Chavakali hupanda mita 400 hivi kabla ya kufika mjini, na mpando huo hudhihirisha upungufu ambao safari fupi huuficha.

Uchunguzi huanza kwa kuangalia ni wakati gani mshale wa joto unapanda. Ukipanda gari likiwa limesimama na kushuka likienda kasi, feni ndiyo ya kushukiwa. Katika magari mengi, kuwasha kiyoyozi huwasha pia feni ya umeme. Isipozunguka, huenda plagi haikurudishwa, fyuzi imeungua au rilei imekufa. Ikizunguka, upande wa upepo uthibitishwe: nyaya zikibadilishana, mota huzunguka kinyume na kusukuma hewa mbele badala ya kuivuta. Karatasi ikiwekwa mbele ya kondensa inapaswa kunata. Kava ya feni na sponji za pembeni zikikosekana, hewa hukwepa rejeta.

Mshale ukipanda mlimani au kwenye mwendo wa kasi, maji na njia zake ndiyo ya kuchunguzwa. Fundi aliyebadilisha kondensa au kufungua dashibodi huenda alimwaga maji ya rejeta au kukata mipira ya hita, na hewa ikabaki ndani. Dalili yake ni hita kupuliza baridi ilhali mshale uko juu. Hewa hutolewa injini ikiwa baridi: pua ya gari huinuliwa, hita huwekwa kwenye moto, kifuniko huachwa wazi, kisha injini huwashwa na maji kuongezwa hadi themostati ifunguke na mapovu yaishe. Kifuniko kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto.

Mkanda nao ukaguliwe. Katika injini ya 1NZ ya Toyota, inayopatikana kwenye Probox na Fielder nyingi, mkanda mmoja huendesha kompresa, alteneta na pampu ya maji. Ukilegea, huteleza kompresa inaposhika, na pampu hupungukiwa na mwendo.

Joto likipanda kiyoyozi kinapowashwa tu, gesi huenda imezidi. Gesi iliyozidi hupandisha shinikizo na joto la kondensa. Dawa yake ni kuitoa yote na kuijaza upya kwa mizani, kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.

Hayo yote yakiwa sawa, udhaifu huenda ni wa zamani. Vumbi la barabara za murram na takataka za miwa hujikusanya katikati ya kondensa na rejeta, mahali pasipoonekana kutoka mbele. Vioshwe kwa maji ya shinikizo dogo kutoka upande wa injini. Kwa ndani, maji ya mto au kisima yaliyotumiwa badala ya kulanti huacha kutu na ukoko unaoziba mirija.

Gasketi ya silinda hedi huchunguzwa mwisho. Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, maji kupungua bila kuvuja, moshi mweupe usioisha na oili yenye rangi ya maziwa ndizo dalili zake. Gari lililoendeshwa likichemka huweza kuunguza gasketi hiyo hata kama chanzo kilikuwa plagi ya feni tu.