Mbaraka Mwinshehe na Somo kwa Miji Yetu

Hapa Iringa na Mbeya twasikia mara kwa mara kwamba kijana mwenye kipawa cha muziki hana budi kuhamia Dar es Salaam, la sivyo kipawa chake kitapotea bure. Sisi hatukubali, na shahidi wetu ni marehemu Mbaraka Mwinshehe.

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944. Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na Morogoro Jazz, bendi iliyolingana naye kwa umri. Ng'ambo jazz hupigwa sana kwa piano. Kwetu neno jazz lilikuwa jina tu la bendi za muziki wa dansi, na muziki huo ulisimama juu ya gitaa. Gitaa hilo Mbaraka alilipiga kwa ustadi wa pekee, na nyimbo alizitunga na kuziimba mwenyewe. Mwaka 1970 bendi hiyo ya Morogoro iliiwakilisha Tanzania katika maonyesho makubwa ya Osaka, Japani. Mwaka 1973 aliunda bendi yake, Super Volcano. Wimbo wake "Shida" ulipendwa Tanzania na Kenya pia. Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, hajatimiza miaka 35.

Je, Morogoro ulikuwa mji mkuu? La. Lakini ulikuwa na bendi mbili zilizoshindana: Morogoro Jazz, na Cuban Marimba ya marehemu Salum Abdallah. Kijana alipata mahali pa kujifunza, wenzake wa kumkosoa, na watu wa kumsikiliza.

Nyanda za Juu Kusini hazikunyimwa vipawa. Anayetaka ushahidi azisikilize kwaya na matarumbeta ya makanisa yetu. Tunachopungukiwa ni vyombo, mahali pa mazoezi, na malipo ya haki kwa mpigaji.

Tuanze nyumbani kwetu. Chama kina kumbi katika miji hii, nazo hukodishwa kwa harusi na mikutano. Twaomba viongozi wazifungue kwa vijana wa muziki angalau jioni moja kwa juma, bila malipo. Halmashauri nazo zinunue magitaa machache na ngoma, zikabidhi kwa vikundi vilivyoandikishwa, na anayewaalika vijana kupiga awalipe, asiwape soda na shukrani.

Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema. Tusipowatunza wetu, tusishangae wakipanda basi.